Kidato cha Tatu

Si kile cha shule. Nasema kidato cha ngazi,
mlango wa nyuma, nyumba yangu ya Rau,
kile kilichomeguka ukingo mwaka juzi
tulipoburuta friji la shemeji.

Sisi wa humu tulikizoea.
Wanangu walikiruka gizani, ndoo kichwani.
Mbwa alikiruka.
Hata mimi, nikirudi na mbege tumboni,
mguu ulijua wenyewe: cha pili, kisha cha nne.
Nyumba humfundisha mwenyewe kasoro zake
mpaka asizione.

Mama Ndelilio hakufundishwa.

Asubuhi ile ya Aprili mvua ilishuka toka Uru
kama mtu aliyetumwa.
Alisimama getini na dumu lake la maziwa.
"Nayaacha hapa tu, baba, mtayachukua."
Nami, kwa ukarimu wangu, nikajibu:
"Utalowa, mama. Pita nyuma. Karibu."

Neno hilo nimelirudia tangu siku ile
kama mtu anayepekua mfuko wa koti lililokwisha kufuliwa.
Karibu.
Hodi yake ilikuwa ombi,
karibu yangu ilikuwa sahihi.
Nilitia sahihi kwamba mifupa yake,
kutoka getini hadi jikoni,
iko mikononi mwangu.

Nilisikia dumu kwanza.
Kisha kimya.
Kisha sauti yake, huko chini,
maji ya mvua yakigeuka meupe kumzunguka:
"Nisamehe, baba. Maziwa yote yamemwagika."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha.
Nyonga imevunjika, na anaomba msamaha
kwa lita tano.

Pale KCMC tulikaa kwenye benchi hadi saa nane usiku.
Shemeji akaja na hekima zake:
ajali haina kinga;
alivaa malapa, tena yaliyolika visigino;
na huyo si mgeni, ni mchuuzi, alifuata hela yake.
Mke wangu Aikande hakusema kitu.
Alinitazama tu
kama anavyoitazama bili ya maji.

Maana stoo, nyuma ya majembe,
upo mfuko wa saruji nilioununua Januari.
Nusu yake ingetosha. Saa moja ya fundi.
Nilisema kesho, nikasema kesho,
mpaka saruji ikachoka kusubiri,
ikaganda humo humo mfukoni,
jiwe lenye umbo la mto wa kulalia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hawakusema mgeni atapona kwa nani.

Nililipia vyuma. Nililipia kitanda,
na bodaboda ya mwanawe kila Jumanne.
Hela ya maziwa aliikataa.
"Ilikuwa mvua," alisema. "Na miguu yangu ya kizee."
Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea.
Nilitamani, Mungu anajua, kuupita.
Lakini mlango ule nao ulikuwa na ngazi,
na safari hii mimi ndiye nisiyeijua.
"Sio mvua, mama," nikasema.
Sikuweza kuendelea.
Akageuzia uso ukutani, akanisubiri,
nami nikamwambia habari ya saruji.

Kidato nimekijenga. Nondo mbili, zege nzito,
fundi anasema hata lori lisingekimega.
Juzi alikuja na fimbo yake,
hakutaka kushikwa mkono.
Akapanda taratibu, cha kwanza, cha pili,
akakikanyaga cha tatu kwa uzito wake wote
bila kutazama chini.

Mimi nyuma yake, mikono tayari,
cha kwanza,
cha pili,
mguu wangu ukaruka.