Bega la Kushoto

Nina miaka sitini na saba na mitufaha mia mbili na kumi.
Kila Februari, theluji ikiwa bado magotini,
napanda ngazi ya miguu mitatu, mkasi mkononi,
napunguza matawi. Ndivyo tunavyoishi hapa Tsugaru:
unakata kwenye baridi ili mwezi wa kumi ule.

Mwaka juzi bega la kushoto likakataa.
Lilianza kwa kunong'ona nilipovaa koti,
kisha likahamia kitandani, likalala kati yangu na ukuta,
mahali alipokuwa akilala Tomekichi kabla hajafa,
na kama yeye, likaninyang'anya blanketi saa tisa za usiku.

Daktari Narumi, kijana ambaye viatu vyake havitoi sauti,
alinipa vidonge vyeupe, kimoja mara tatu kwa siku,
baada ya chakula, akasisitiza, baada ya chakula.
Kidonge kilikuwa na adabu. Kiliingia, kikalibembeleza bega,
saa sita baadaye kikaondoka bila kuaga.
Nikaongeza.
Tumbo likaungua, sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Ndipo nikamwendea Osanai, asiyeona tangu utotoni,
chumba chake juu ya duka la mbegu, harufu ya spiriti.
Vidole vyake vilitembea shingoni mwangu
kama vya mtu anayetafuta funguo gizani,
ila yeye gizani ndiko kwao.
Sindano nyembamba kuliko unywele:
moja begani, moja pale kidole gumba kinapoachana na cha shahada,
moja chini ya goti, mbali kabisa na penye kosa.
"Goti langu halijalalamika," nikamwambia.
"Ndiyo maana linaweza kusaidia."

Miezi mitatu niliishi kama mwenye wapenzi wawili.
Kwa daktari nilificha sindano, vifungo hadi kooni.
Kwa Osanai nilificha vidonge.
Mficha uchi hazai, husema watu; mimi niliuficha mara mbili
na bado nikashangaa kwa nini sizai usingizi.

Ijumaa moja Osanai alichomoa sindano ya mwisho,
akabana pamba, akangoja, akangoja tena.
Akaisugua ile pamba kati ya vidole.
"Inalowa kuliko wiki iliyopita," akasema.
"Damu yako ina haraka. Leo umemeza vingapi?"
Nikasema sielewi anachosema.
"Bibi Kinue. Vingapi?"

Vitano.
Nikalia, na safari hii si kwa ajili ya bega.

Yeye ndiye aliyepiga simu. Niliwasikia wakinijadili
kama mafundi wawili chini ya paa linalovuja,
huyu anataja miligramu, yule anataja vidole viwili kutoka kwenye mfupa.
Nilidhani watagombana.
Waliulizana bei ya mafuta ya taa.
Wakakubaliana: vile vyeupe basi. Kidonge kingine, chenye huruma na tumbo,
kimoja kabla ya ngazi, kimoja kabla ya kulala;
Jumanne na Ijumaa, sindano.
Na kila mmoja aambiwe anachofanya mwenzake. Hilo lilinigharimu zaidi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa.
Lakini msidhani chawa amekufa.
Usiku wa baridi kali bado hupiga hodi,
nami humfungulia, maana nishajua atakaa muda gani.

Februari hii nimekata mitufaha mia moja na arobaini.
Sabini iliyobaki kakata mpwa wangu, vibaya,
kama anayemnyoa kondoo wa jirani.

Jana jioni, bila mimi kufikiri,
mkono wa kushoto ukapanda hadi rafu ya juu,
ukashusha bakuli la Tomekichi.
Nikasimama nalo katikati ya jiko.
Nilikuwa nimekwenda kuchukua chumvi.