Jumamosi ya Kwanza na ya Tatu

Barua ya mahakama ya Lugo ina mihuri miwili
na sentensi moja inayonihusu:
babu mzaa mama atamwona mtoto
Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi,
saa tano hadi saa saba,
mbele ya mwangalizi.

Miaka thelathini na minne nilishika bendera
katika stesheni ya Monforte.
Najua dakika ni kitu gani.
Najua treni haimsubiri anayefunga kamba za viatu.
Sikujua kwamba mtoto naye hupangiwa ratiba,
afike, asimame kidogo, aondoke,
nami nibaki jukwaani, mkono hewani.

Wakili wangu, binti mwenye mafua yasiyoisha,
alitamka neno damu mara tisa. Nilihesabu.
Hakimu hakuandika damu.
Aliandika maslahi ya mtoto,
na hakukosea,
ingawa siku ile ningemrushia kofia.

Breixo, mkwe wangu, alikaa upande wa pili
akitazama viatu vyake.
Wengine hufika pale wamenoa maneno kama mundu.
Yeye alisema haya tu:
"Mzee huyu ana pua ya Uxía.
Kila akija mlangoni, mke wangu anakufa upya."

Hapo nilitaka kuikunja kesi
kama gazeti la jana, nirudi kwangu.
Sikuikunja.
Pua hii mimi niliipata kwa mama,
na Antía anayo.
Yeye ataivulia wapi?

Chumba chenyewe kiko orofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Kuna meza ya plastiki inayonifika magotini
na twiga ukutani, kazi ya mtu
ambaye hajawahi kumwona twiga.
Kuna mama mmoja mwenye daftari.
Si mbaya. Huniuliza habari za mgongo.
Lakini chakula cha nje hakiruhusiwi,
kwa hiyo matufaha matatu ya mti alioupanda Uxía
hurudi Monforte mfukoni mwangu
yakinigonga paja njia nzima.

Mara ya kwanza aliniita bwana.
Mara ya tatu, Eladio.
Miezi kumi na tisa bila kuonana
kwa mtu wa miaka sita
ni robo ya maisha, na chenji inabaki.
Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume.
Wangu huja mbele kwa mbele,
akiruka ngazi mbili mbili,
kisha ananiona,
anakumbuka kuwa na adabu,
anapunguza mwendo.

Juzi nilileta filimbi yangu ya kazi,
shaba iliyolika rangi kwa midomo yangu.
Mama wa daftari akasema isipulizwe, kuna wateja chini,
na zawadi lazima iorodheshwe.
Akaandika: filimbi, moja.
Antía akaibana kati ya meno,
pengo la jino la mbele likiwa wazi kama dirisha,
asipulize.
Akanisogelea, akanong'ona:
"Na tukinyamaza, anaandika pia?"

Nikamwambia sijui.
Basi tukanyamaza ili tujue.

Mvua ilikuwa ikitambaa kwenye kioo.
Chini, mtu alikuwa akisoma herufi kwa sauti,
kubwa, kisha ndogo, kisha akakwama.
Antía alicheka bila kutoa sauti,
bega lake likagusa mkono wangu,
likakaa hapohapo.
Kalamu ilisimama.
Dakika ngapi, sijui,
mimi niliyelipwa umri mzima nijue.

Nilipogeuka, Breixo alikuwa mlangoni,
amefika mapema, koti linachuruzika maji.
Alikuwa akitutazama,
pua mbili zikimwelekea kwa pamoja.
Hakusema, Twende.