Nipo

Kitabu cha mafunzo, ukurasa wa kwanza:
mfungwa asitoke machoni pako.
Sawa. Walioandika hawajapuliza salfa
Masasi, mwezi wa sita,
saa kumi na moja alfajiri, upepo umelala,
umande bado umeshika maua ya mikorosho.

Mashine inanguruma mgongoni mwa Chitanda,
wingu la njano linapanda
na gereza zima linapotea.
Wafungwa kumi na wanne, simwoni hata mmoja.
Nina rungu, filimbi, na macho yanayowasha.

Zamani tuliwachutamisha watano watano,
mikono kichwani, tukawahesabu kama maboga.
Miaka tisa nimewajua watu kwa visogo.
Kisha akaja mkuu mpya:
hawa watarudi kwao, Nanyumbu, Newala, Ruangwa,
na huko hakuna filimbi.
Wafundishe ubwiri unga. Wafundishe kupima,
robo kilo kwa mti, bila kupunja, bila kumwaga.
Nikapiga saluti. Moyoni nikasema: yetu macho.

Macho hayakufaa. Ikabidi masikio.

"Chitanda!"
Nipo, mti wa saba.
"Nannyanje!"
Nipo, nakohoa.
"Mchopa!"
Nipo, mafuta yamekata.
"Lipukila!"

"Lipukila!"

Walimkamata siku ya pili, stendi ya Mangaka,
amebadili nguo, ameoga, anakunywa chai,
salfa bado njano nyuma ya masikio.
Nikaandika maelezo, kurasa nne.
Kwenye safu ya Sababu niliandika: ukungu.
Nikafuta. Nikaandika: nilimwamini.
Nikafuta na hilo,
karatasi ikatoboka.

Asubuhi iliyofuata wamepanga foleni, hawasemi.
Mashine ziko stoo. Ufunguo uko mkononi mwangu
na mkuu yuko dirishani, hatii neno.
Chitanda, aliyemkata kaka yake panga
kwa mpaka wa mikorosho sita,
anautazama ufunguo, mimi hanitazami.
"Umande utakauka, afande."

Nikafungua.

Tena wingu. Tena sina mtu.
Kaki yangu njano, machungwa yao njano,
angepita mgeni asingejua nani amfunge nani.
Naita, wanaitika, kumi na watatu.
Ulimi una mazoea: nikamwita na Lipukila,
aliye selo, mlango umekomewa,
na kimya chake nikakihesabu.

Ndipo sauti, sijui ya nani,
upande wa mti wa tisa au wa kumi:
"Na wewe, afande?"

Hakuna kanuni ya swali hilo.
Koo limejaa unga. Nikatema mate.

"Nipo,"
nikasema,
na huko mbele mtu akawasha mashine.