Bitana

Mguu wa kulia uliacha kunisikia mwezi wa kumi,
korosho zinaanza kudondoka,
nami nina magauni kumi na tisa ya mabinti wa unyago.
Nauambia: kanyaga.
Umelala tu juu ya pedeli
kama mguu wa kuazima.

Halafu macho. Tundu la sindano likawa mawili,
nikapitisha uzi kwenye lile lisilokuwepo.
Nikiinamisha shingo kutazama mshono
shoti inashuka mgongoni hadi kisiginoni.
Na mkojo, acha niseme, mkojo hauna tena subira.
Siku moja, kutoka sokoni Mkuti, nilifika kisimani nimeshalowa,
nikajimwagia ndoo nzima
ili watu wajue ni maji.

Wifi yangu Asumini alisema ni mkono wa mtu.
Jogoo akaenda, ganzi ikabaki.

Ndanda wakanituma Dar. Picha ya kichwa:
nusu saa ndani ya bomba linalogonga kama mafundi bati.
Dokta Ng'itu akaniuliza kazi yangu.
"Basi utanielewa," akasema. "Neva zina bitana.
Askari wa mwili wako wameiona
wakadhani ni mwizi. Wanaichana.
Ujumbe unatoka kichwani mzima, unavujia njiani."
Akanionyesha makovu, madoa meupe.
Niliyahesabu kama vifungo: kumi na moja.

Hakusema utapona. Nilisubiri aseme.

Dripu siku tano, mdomoni ladha ya sarafu,
usiku sina usingizi, nakata vitambaa hewani.
Macho yakarudi. Mguu ukarudi nusu.
Sasa kila miezi sita nasafiri kuwekewa dawa
ya kuwatuliza wale askari,
tone kwa tone, saa nne kitini.
Bei yake inangoja mnada wa korosho,
mnada unangoja malipo,
malipo yanangoja mtandao wa benki.

Jua la Masasi likishapasha miamba
mwili wote unazimika. Nalowesha kanga, najifunga shingoni,
nakaa hivyo mpaka mguu ukumbuke jina lake.
Alfajiri nashika fremu ya mlango:
kisigino, vidole, kisigino.

Cherehani nimebadilisha, hii ni ya mkono.
Jana Asumini alikuja kuchukua gauni la mwanawe.
Alilipindua ndani nje,
akapitisha kidole kwenye bitana, muda mrefu,
kisha akauliza bei.