Mja wa Leo

Saa tano usiku, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Nimekwisha funga duka la spea za baiskeli,
mikono bado yanuka grisi, simu yalia:
kuna mtu amefuta
makala yote ya Shule ya Kwemsala,
akaacha mstari mmoja, herufi kubwa tupu:
UONGO! BIBI YANGU ALIKUWEPO.

Nikarudisha. Akafuta. Nikarudisha.
Mara ya tatu nikajizuia;
kanuni ya kamba yanifunga na mimi.

Nikamwandikia pembeni, penye majadiliano:
Karibu, Semkuya. Kamusi elezo hii ni ya wote,
ndiyo maana haina mwenye rungu.
Neno lako lilete huku, liweke chini ya la mwenzio,
lisogeze ndani kidogo, kama mtu avutaye mkeka
amsikie vizuri msemaji.
Mwisho tia jina. Neno lisilo na jina
ni hodi ya mtu aliyekwisha kimbia.
Kisha ngoja siku saba.

"Uongo nao wapewa wiki?" akajibu.
(Hakutia jina. Nikamtilia.)

Wasema Tanga ni waja leo, waondoka leo.
Humu ndani nimewaona wengi hivyo:
mtu aingia na hasira yake,
apigwa kanuni ya tatu, kanuni ya saba, soma kule, soma huku,
na usiku uleule kaondoka,
na alichokijua kaondoka nacho.
Huyu, nikasema, na alale.

Asubuhi sikumtajia kanuni. Nikamuuliza:
Bibi yako aliona nini?

Akaleta picha. Daftari la michango,
mgongo umeliwa na mchwa.
Akina mama arobaini na wawili, bati mojamoja,
mbele ya kila jina dole gumba la wino.
Mwenyekiti hayumo.
Na ile sentensi, kwamba mwenyekiti ndiye aliyeezeka shule,
niliiandika mimi.
Niliiokota kwenye kijitabu cha sherehe,
nikakiamini kwa kuwa kimepigwa chapa.

Haikuishia hapo. Mwanahawa wa Korogwe akauliza:
picha ya simu ataihakiki nani?
Siku nne tukabishana.
Semkuya akatukana mara moja. Akarudi,
tusi lake hakulifuta, akalipiga mstari katikati,
"wajao wajue nilikasirika."
Akatia jina.

Siku ya saba hatukukubaliana yote.
Mwenyekiti kabaki, kwa mujibu wa kijitabu.
Akina mama wameingia, kwa mujibu wa daftari,
ambalo sasa limo maktaba, ndani ya bahasha ya kaki,
Semkuya kalipeleka mwenyewe, kwa baiskeli,
pedali ya kushoto imelegea, nilimwambia aje nimkazie.

Jana usiku tena: mtu kafuta
makala ya stendi ya Muheza, yote.
Nikavaa miwani, nikaanza kuandika karibu,
nikakuta chini yake, imesogezwa ndani kidogo:

Usiondoke leo.
Uliona nini?
— Semkuya