Jino

Mombasa hatuna mlima. Tuna kilichobaki.

Nyuma ya Utange, katika timbo la zamani,
wachongaji walishuka miaka thelathini
tofali kwa tofali, hadi maji yakawakuta,
na katikati wakaacha jiwe moja limesimama,
refu kuliko mnara wa msikiti wetu,
kwa sababu juu yake ipo bikoni
na bikoni iko mahakamani.
Ndoro alichimba upande wake hadi mpakani.
Sharifu alichimba wake hadi mpakani.
Kesi haijaisha. Mlima ukaota.
Watoto wanauita Jino.

Tulitoka baada ya alfajiri, watu watatu:
mimi, wifi yangu Tunu, na Mwaringa
aliyekata mawe hapo mpaka goti likamkataa.
Tunu kafunga buibui kiunoni, kavaa raba za mwanawe.
Mimi nimebeba chupa ya chai, mahamri sita,
na jiografia yote niliyowafundisha watoto wa watu:
ziwa la mlimani, theluji, genge,
maneno ya ubaoni, yanayofutwa kengele ikilia.

Maziwa ni mawili. La Ndoro kijani cha kisamvu,
la Sharifu kama beseni la mashati meupe
yaliyozidishiwa buluu.
Njia yapita katikati, upana wa mkeka,
kisha upana wa kanga iliyokunjwa,
kisha ni mguu mbele ya mguu,
na kila kijiwe tulichokipiga teke
kilikawia kabla ya kusema chubwi.

Halafu ukuta.

"Viungo vinne unavyo," akasema Mwaringa,
"vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee.
Na usiliamini jiwe lililofungua mdomo."

Msumeno umeacha mistari kama ya daftari.
Nikatia vidole mstari wa kwanza, wa pili,
nikaupanda ukurasa.
Matumbawe hayana adabu: yalinichana kiganja
pale pale wanaposoma umri.
Mstari wa tisa, goti likaanza kucheza
kama kifuniko cha sufuria ya wali.
Tunu, kisigino chake karibu na pua yangu, akaguta:
"Mpanda ngazi hushuka!"
"Ngazi iko wapi?"
Tukacheka, kicheko kikatulegeza mikono,
ikabidi tunyamaze, tushike.

Juu pana nafasi ya makalio mawili na nusu.
Bomba la chuma, saruji, namba zilizolika.
Tunu akakaa, tako moja kwa Ndoro, jingine kwa Sharifu,
akamega hamri. "Na wanishtaki."

Mwaringa akaja wa mwisho,
akilivuta goti lake kama mbuzi asiyetaka kwenda.
Akasimama ukingoni. Maziwa hakuyatazama.
Alitazama mji, akaonyesha kwa kidevu:
"Shule ile ya Kiembeni, shimo la Sharifu, kona ya kusini.
Ghorofa ya daktari, hapo chini ya maji ya kijani.
Choo cha soko, hapa tulipopitia."
Akanigeukia. "Kwenu mlijenga mwaka gani?"
Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo,
midomo ikitembea,
kisha akanyoosha kidole, si chini,
mbele tu, usawa wa macho yetu,
hewani, kunguru alipokuwa akikatiza.
"Hapo," akasema.

Tulishuka kinyumenyume, tumekumbatia jiwe,
na chai ilipoa bila kunywewa.

Usiku nilisimama ukumbini, upande usiopigwa lipu.
Miaka yote hiyo sikuiona ile mistari.
Nikaweka kiganja chenye jeraha juu yake.
Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana.
Tunu akapiga simu: nimefika salama?
Nikautazama ukuta mpaka unapokutana na dari.
Nikamwambia ngoja kwanza,
sijashuka.