Ukanda wa Tyubu

Niliukata kwa wembe,
tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa kidole.
Siku hizi nikifika kwenye neno hilo
ulimi unasita.

Ilikuwa Aprili, Loresho, nyasi zimelowa tangu alfajiri,
na Gathogo amesimama mlangoni pa stoo na saa yake:
"Viwanja saba leo. Hizi breki za mpini zinatuchelewesha."

Mashine ile ilibuniwa na mtu mwoga, au mwenye huruma.
Mpini una wenzo. Ukiushika, injini inanguruma;
ukiuachia, inazima. Basi.
Mtu wa mbali, asiyetujua hata kwa jina,
alikaa chini akawaza
kwamba iko siku mkono utateleza.

Mimi ndiye fundi. Nilizungusha mara tatu, nikakaza fundo,
wenzo ukalala juu ya mpini kama mgonjwa.
Kisilu akajaribu: akaachia mikono yote miwili
na mashine ikaendelea kunguruma peke yake.
Tulicheka. Hilo nalikumbuka vizuri, tulicheka.
"Sasa naweza kunywa chai huku inapiga kazi," akasema.

Saa tano na robo, uwanja wa nne.
Nyasi mbichi zilijaa kwenye koo la mashine
na Kisilu akainama kuzitoa
kama unavyomtoa mtoto mfupa kooni,
haraka, bila kufikiri, kwa vidole viwili.

Sikusikia yowe. Nilisikia injini
ikishuka sauti, kidogo tu,
kama inapokutana na mzizi,
kisha ikapanda tena.
Fundi huijua mashine kwa sikio.
Nikajiambia: mzizi.

Walipokwisha kumpakia kwenye gari,
mkono umefungwa kwa koti langu la mvua,
Gathogo alinirudishia wembe wangu mwenyewe.
"Kata huo mpira kabla watu wa bima hawajafika."
Nikaukata.
Ripoti ikaandikwa: *mfanyakazi aliingiza mkono kwa uzembe.*
Picha zilipopigwa, wenzo ulikuwa wima,
mzima, hauna hatia.

Cha shahada hakipo. Cha kati kimebaki pingili moja.
Majirani wa Kangemi walimletea machungwa
na ile methali ya chawa.
"Chawa sina," akawajibu. "Nina vifungo vya shati."

Julai alirudi kazini, akapewa reki.
Pale getini kuna kijimashine cha kuhesabu waliofika,
kinataka kidole, na kidole kinachokitaka
ni kile kile.
Akaweka cha pete. Taa nyekundu. *Jaribu tena.*
Akaweka pingili. Taa nyekundu. *Jaribu tena.*
Foleni nyuma yake ikakohoa.
Mwishowe Zipora, bawabu, akatoa kaunta buku
akamwandika kwa kalamu:
Kisilu Mwangangi, saa moja kasoro.
Mpaka leo humwandika hivyo,
na mwisho wa mwezi mshahara wake hutoka umepungua
siku ambazo mashine haikumwona.

Jana alikuja kwangu wakati wa chakula,
akaketi juu ya tangi la petroli lililo tupu.
Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu.
Alisema tu kwamba Alhamisi anakwenda ofisi ya kazi
na kwamba wamemwambia aje na shahidi.
Kisha akanyamaza, akawa anajaribu kumenya ndizi
kwa mkono wa kushoto.

Kidole cha shahada kimekwenda.
Shahada yenyewe imebaki kwangu.

Nina watoto watatu, na Gathogo ana saa yake.
Lakini ule ukanda sikuutupa.
Umo kwenye kopo la plagi, chini kabisa, mweusi,
na ingawa hakuna kinachoubana
bado umejikunja,
umeshika umbo la mpini.